Uvundo wa Nyumbani kwa Mubin

Mwanamume niliyekuwa nimepanga kuzaa naye watoto wanne alichovya kidole kwenye mtungi wa uvundo, akakitia mdomoni, akakinyonya taratibu kama anaonja mchuzi wa arusi, kisha akanitazama na kutabasamu.

"Imeiva," alisema.

Meno yake ya mbele yalikuwa ya buluu.

Naomba msinicheke. Kwa miezi yote tuliyokuwa tukiandikiana kwenye simu kwa siri, mdomo ule ndio niliokuwa nikiuwaza. Nikipiga pasi, nauwaza. Nikiwa kwenye mkeka wa sala, Mungu anisamehe, nauwaza. Na sasa nilikuwa nimesimama uani kwao, kijijini Ajrakhpur, India, kwenye jua la kuchoma utosi, nikiuaga. Mdomo wa juu kwaheri, mdomo wa chini kwaheri.

"We Afroza," Shangazi Zarina alininong'oneza, "huyo mtu amekula nini?"

"Nili, Shangazi. Anaionja kama imekaa sawa."

"Kwani pua haitoshi?"

"Pua zao zilishakufa siku nyingi."

Mtungi wenyewe ulikuwa umefukiwa ardhini hadi shingoni. Ndani yake nili, ile rangi ya majani ya kutia nguo ubuluu, ilikuwa imelishwa tende na sukari guru, ikaachwa ichachuke mpaka iamue yenyewe kuwa hai. Juu ilielea ngozi ya povu yenye rangi ya shaba, inayometa kama mgongo wa nzi wa kijani. Na harufu, mama yangu. Chukua mkojo wa paka, yai viza na maji ya chombo cha maua kilichosahaulika sebuleni, funga vyote kwenye soksi ya mvulana wa bweni, halafu kalia hiyo soksi ndani ya gari lililofungwa vioo. Hapo utakuwa umekaribia.

Mama yake Mubin alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya mtungi. Hanifabai, mjane mnene, mikono yake ya buluu hadi viwikoni kana kwamba amevaa glavu za kuzaliwa nazo. Mtungi ulikuwa wake. Mubin alikuwa mwanawe wa pekee, lakini ukimtazama yule mama usingejua nani alizaliwa kwanza, mtoto au mtungi. Hakuwa akiitazama nguo yangu wala hina yangu. Alikuwa akiitazama pua yangu.

Nililijua jambo hilo mapema, Mubin aliniambia kwenye simu. Nyumbani kwao mchumba hapimwi kwa mapishi. Kabla posa haijatoka, msichana anatia mkono kwenye nili mbele ya mama wa nyumba. Akikunja uso anapewa chai, anasifiwa nywele zake, anasindikizwa hadi kwenye gari, na habari yake inaishia hapo.

Sasa kukunja uso ni shida moja. Shida ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Nili haitoki. Ngozi itachubuka siku moja, lakini kucha zitabaki za buluu mpaka ziote nyingine. Na baba yangu, kule mjini kwetu Jetpur, alikuwa akiamini kwamba mimi na dada yake tumekwenda kuzuru kaburi la walii.

Baba yangu ana kiwanda cha kuchapa nguo. Anachapa khanga zinazopanda meli kwenda Mombasa na Dar es Salaam, zenye maneno ambayo hakuna mtu kiwandani anayeyaelewa. Kuna mwaka maneno yalichapwa kichwa chini na hatukujua mpaka wateja walipopiga simu wakicheka. Na zikipungua oda za khanga anachapa chochote dalali anacholeta. Lakini babu yangu, baba yake, alikuwa mtu wa mtungi kama hawa. Mikono ya buluu, harufu ile ile. "Shuleni hakuna aliyekubali kukaa nami dawati moja," baba hutuambia kila akinywa chai. "Nilihama kijiji ili niipe pua yangu heshima. Binti yangu akirudi huko, ajue amerudi peke yake."

Ndiyo maana tulikwenda kwa walii.

"Njoo uone mengine," Mubin aliniita, akifuta kidole kwenye suruali. Hata alivyotembea nilikuwa bado nampenda, hilo sifichi. Alikuwa na mabega ya mtu anayekamua vitambaa vizito maisha yake yote, na macho ya kuomba radhi hata kama hajakosa. Shangazi alifuata nyuma akijikohoza kwa uongo ili apate sababu ya kuziba mdomo.

Tulifika kwenye beseni kubwa la saruji. Ndani yake vitambaa vyeupe vilikuwa vimelala kwenye kitu cha kahawia.

"Hapa kitambaa kinalainishwa," alisema. "Magadi, mafuta ya mbarika na kinyesi cha ngamia."

"Kinyesi?" aliuliza Shangazi.

"Kibichi ndicho kizuri."

"Na hicho kitambaa mtu anakivaa kichwani?"

"Kinaoshwa sana, Shangazi."

"Hata mimi naoga sana," alisema Shangazi Zarina, "lakini sijaanzia huko."

Mubin alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshika tumbo. Chakula cha mchana kilikuwa kimesimama kooni kikisubiri uamuzi. Tulikuwa tumekula mkate wa mawele uliokandwa na Hanifabai kwa mikono yake ile ile, na kila tonge nililomeza nilikuwa nikichungulia kama lina mistari ya buluu. Mtindi nao ulichotwa kwa kata iliyoning'inia karibu na mtungi. Sijui kata ile ilikuwa na kazi ngapi. Sikuuliza.

Nisikilizeni, sikuzaliwa mwenye madaha hivi. Tulionana mara ya kwanza Ahmedabad, kwenye maonyesho ya mafundi. Nilikuwa nimevaa gauni la kung'aa, la uzi wa plastiki, ukiligusa umeme unakurusha. Yeye alikuwa kwenye banda lake na vitambaa vyekundu na vya buluu vyenye nyota. Akaniambia, "Dada, hilo gauni ukilifukia leo, wajukuu wako watalifukua walivae."

"Na vyako?" nilimuuliza.

"Vyangu ng'ombe akivila, hafi."

Nani asingebaki pale? Akanionyesha maganda ya komamanga yanayotoa manjano, mzizi unaotoa wekundu, unga wa kokwa za ukwaju unaoshika rangi. Akasema maji yao ya kuoshea huenda shambani na mbarika inaota. Mimi nimekulia kando ya mto ambao tulijua oda ya wiki kwa kuutazama. Ukiwa wa waridi, tunachapa waridi. Ukiwa wa kijani, oda ya kijani imeingia. Nilidhani mito yote iko hivyo. Siku ile nilirudi nyumbani, nikasimama darajani, nikauona mto wetu kana kwamba mtu amenitoa tongotongo, na nikaona kinyaa kwa mara ya kwanza. Nikamgawia jirani magauni yangu yote ya kung'aa. Baba akaniuliza kama nimeugua.

Nilipoondoka kwenye maonyesho Mubin alinipa zawadi, imefungwa kwenye gazeti. Mtandio. Nikauficha chini ya godoro ili baba asiuone, na taa zikizimwa nauvuta, naufunika usoni, nalala nao. Sikuwahi kuuvaa mchana. Leo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona jua, juu ya kichwa changu, mbele ya aliyenipa.

Basi tukafika kwenye pipa la mwisho, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Hii ndiyo nyeusi yetu," Mubin alisema, akafunua kifuniko.

Ndani mlikuwa na vyuma chakavu, misumari, viatu vya farasi, kopo lililopasuka, vyote vimezama kwenye maji ya sukari guru yaliyooza hata yakafanya utando mweupe wenye manyoya. Vipovu vilikuwa vikipanda na kupasuka kimoja kimoja. Kila kimoja kilileta ujumbe wake. Nzi mmoja aliyekuwa akija aligeuza njia.

Nikaona mate yananijaa. Nikaunyakua ule mtandio, nikauzungushia puani na mdomoni, nikavuta pumzi kwa nguvu zote.

Na nikapata nafuu.

Kwa kweli nilipata nafuu. Tumbo likatulia. Niliivuta harufu ile nikasikia niko nyumbani, mlangoni mwa kiwanda, nikiwa mdogo, nimempelekea baba chai. Nikavuta tena. Nikavuta ya tatu, na hiyo ya tatu ikanikwama.

Kwa nini mtandio wa Mubin unanuka nyumbani kwetu?

Mafuta ya taa. Sisi tunaochapa kwa skrini, ile fremu ya wavu inayopitisha rangi, tunachanganya uji wa rangi na mafuta ya taa. Nimeyanusa tangu tumboni. Yamo kwenye mashati ya baba, kwenye nywele za mama, kwenye mikate. Mwezi baada ya mwezi nililala na harufu ile usoni nikidhani ni godoro, ni kabati, ni chumba changu. Niliinua upande mmoja wa mtandio, nikautazama kwenye jua kali la saa nane. Nyuma ya kitambaa ilikuwa imepauka kama uso wa mgonjwa. Kitambaa cha kina Mubin huchapwa pande zote mbili. Kisha nikatafuta nyota iliyo pembeni.

"Afroza?" Mubin aliniuliza. "Umepauka."

"Nahitaji hewa," nilisema, nikatoka kwenda nyuma ya nyumba.

Kule nyuma vitambaa vilikuwa vimetandazwa juu ya mchanga kukauka, vyekundu na vya buluu, hadi kwenye mistari ya mbarika. Mubin alinifuata. Shangazi alibaki kwenye kona ya ukuta, mahali ambapo mlezi mwema angeona na mbea mwema angesikia.

"Mtandio huu umechapwa hapa?" nilimuuliza.

"Ndiyo."

"Kwa mihuri ya mbao, kama nguo zenu zote?"

"Afroza, kwa nini unauliza hivyo?"

"Mtu akiulizwa hivyo anajibu ndiyo au sivyo. Hajibu Afroza kwa nini."

Akatazama viatu vyake.

Nikauchukua mtandio, nikamwekea ile nyota machoni. "Hesabu pembe."

"Saba," alisema kwa sauti ndogo.

"Na nyota zenu?"

"Nane."

"Unajua ya nane iko wapi? Iko kwenye kibanio changu cha nywele. Nilikuwa mtoto, nikaitoboa skrini ya baba kwa kibanio hicho nikicheza. Nilizabwa kofi moja nikaona nyota nyingine. Baba akaziba tundu kwa gundi, pembe moja ikazibwa nalo, akasema skrini haitupwi kwa tundu moja. Tangu siku hiyo nyota za kiwanda chetu zina pembe saba. Umenipenda kwa nguo ya baba yangu, Mubin."

Rangi ilimtoka, hata meno yalionekana yamezidi ubuluu.

"Sikujua ni kwenu," alisema. "Wallahi sikujua. Huletwa na dalali, kwa lori."

"Hilo ndilo linalokutia haya? Kwamba ni kwetu?"

"Hapana."

"Basi sema."

Alikaa chini mchangani. Alisema kuna duka la Mumbai, mwenyewe ni mama mmoja mwenye miwani mikubwa, linataka nguo za asili, zisizoua mto, na linazitaka haraka na nyingi. Nili haiharakishwi. Baridi ikiingia inagoma, mtu akiikasirikia inagoma, inalala siku nyingi kama mgonjwa. "Nikajaza pengo," alisema. "Mara ya kwanza kidogo tu, chini ya mzigo. Nikatia na vile vikaratasi vyetu vyenye picha ya jani, alama ya nguo ya asili. Hakuna aliyelalamika. Halafu pengo likawa kubwa kuliko mzigo."

"Mama yako anajua?"

"Angejua angeshanizika."

"Na mimi? Na mimi nilikuwa pengo?"

Hapo aliinua macho, na naapa yalikuwa macho yale yale ya Ahmedabad, ndiyo maana nilitaka kuyachoma. "Siku ile nilikuwa na mitandio miwili chini ya meza. Mmoja ulikuwa wa mama, wa kweli, umetoka mtungini wiki ile. Unanuka. Wewe ulipita kwa muuza vitunguu nikakuona ulivyokunja pua. Nikasema, huyu nikimpa kitu kinachonuka ngamia, sitamwona tena. Nikakupa usio na harufu."

"Una harufu," nilimwambia. "Ni vile hujakulia kwetu."

Kisha nikakumbuka kitu kingine, na kile ndicho kilichonitoa roho. Kuna mwezi mto wetu ulikuja mwekundu na buluu kwa pamoja, rangi mbili zikipita kando kwa kando kama ndugu waliogombana, na samaki wamegeuka matumbo. Nilimwandikia Mubin nikilia. Alinijibu kwa kunitumia picha ya moyo uliovunjika.

Nyekundu na buluu. Ilikuwa oda yake.

Nilikuwa nimevumilia mavi ya ngamia. Nilikuwa nimevumilia ile supu ya misumari, na meno, na mkate wa mawele. Lakini nilipoifikiria ile picha ya moyo, tumbo langu halikuuliza ruhusa. Niliinama kwenye mbarika nikatapika kila kitu, na mtindi ukatoka kupitia puani, jambo ambalo hakuna mchumba anayepaswa kulifanya mbele ya mtu.

Mubin alikimbia kuleta maji. Alinyoosha mkono anishike bega.

"Usiniguse."

"Mikono yangu ni safi."

"Mikono ndiyo pekee iliyo safi," nilimwambia. "Natamani ungekuwa unanuka, Mubin. Ungeniletea ule wa kweli nikaukunjia pua, ungenicheka, tungegombana, tungepatana. Sasa nikigombana nawe nagombana na nani? Hata mtu niliyelala na harufu yake usoni si wewe. Ni baba yangu na pipa lake la mafuta."

Pale kwenye kona ya ukuta Shangazi alipiga chafya ya huzuni.

"Afroza." Ilikuwa sauti ya Hanifabai kutoka uani. "Jua linashuka na mna safari. Njoo utie mkono."

Mubin aliniangalia. Nilijua anachoomba bila kusema. Nilijua pia kwamba nikiingia kwenye gari bila kufungua mdomo, yote yataisha salama. Nitarudi na kucha nyeupe, baba atauliza habari za walii, na Mubin ataendelea kujaza pengo mpaka azeeke.

"Mimi sitasema," nilimwambia. "Utasema wewe. Usiposema, napanda gari na usinitumie picha yoyote."

Tulirudi uani. Hanifabai alikuwa ameshaondoa povu kwenye mtungi kwa kiganja, maji ya chini yakaonekana, ya kijani kibichi kama nyongo. Alinionyesha kigoda. Sikukaa.

"Nini?" aliuliza.

Nzi waliimba. Mubin alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena kama samaki wa mto wetu. Nilihesabu moyoni kwamba mpaka yule kuku amalize kuvuka ua, nitaondoka. Kuku alikuwa amebakisha hatua chache.

"Mama," Mubin alisema, "ile mizigo ya Mumbai. Nusu si ya kwetu."

"Ya nani?"

"Ya skrini. Ya kiwandani. Naiingiza ghalani ukienda kusali."

Hanifabai hakupaza sauti. Aliinuka, akajifuta mikono, akaingia ghalani, na tulisikia kamba za mzigo zikikatwa. Alirudi na kitambaa kimoja chenye kikaratasi cha jani. Akakinusa. Nimeona watu wakiona kinyaa, mimi mwenyewe nilikuwa bingwa siku ile, lakini sijawahi kuona uso ukikunjamana vile. Mwanamke aliyekuwa akikaa juu ya uvundo tangu aolewe, alikitupa kile kitambaa mbali na kutema mate mara mbili, kisha akajifuta ulimi kwa ncha ya mtandio wake.

"Jina la baba yako liko kwenye hiki kikaratasi," alisema.

"Naam, Mama."

"Toka mbele ya mtungi wangu. Utaniulia nili."

Mubin alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alikuwa analia bila sauti, na mimi, mjinga, nilitaka kwenda kumfuta. Nikashikilia nguo yangu isije ikaenda yenyewe.

Hanifabai alinigeukia. "Na wewe. Nimekuangalia tangu asubuhi. Umekunja pua kwenye beseni, umekunja pua kwenye chuma, hata kwenye chakula changu."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hiyo nyumba yangu inanuka."

Shangazi alinifinya kiuno. Nilikuwa nimechoka kupita kiasi cha kudanganya. "Inanuka sana, Mama. Inanuka mpaka nimetapika kwenye mbarika yako, utanisamehe."

"Nini kinanuka zaidi? Mavi au chuma?"

"Mwanao," nilisema.

Halafu tumbo la yule mama likaanza kutikisika, na kicheko kikatoka, kikavu na kikali, huku machozi yakimteremka. Hakikuwa kicheko cha furaha, lakini kilikuwa kicheko. "Kaa," alisema.

Nikakaa. Nikapandisha mkono wa gauni.

"Afroza," Shangazi alisema haraka, "baba yako. Fikiria kucha."

"Nimezifikiria."

Nilitia mkono. Msije mkaambiwa na mtu kwamba palikuwa na utamu wowote. Ilikuwa vuguvugu, ilikuwa na utelezi, ilikuwa kama kutia mkono kwenye mdomo wa ng'ombe mgonjwa aliyekuwa akinisubiri. Chini kuna kitu laini kilinipapasa vidole, huenda ni kokwa ya tende. Nilikunja uso wangu wote, mpaka masikio nadhani yalikunjamana, na nikausukuma mkono hadi kiwikoni.

"Amekunja," Shangazi alisema kwa huzuni.

"Nimeona," Hanifabai alijibu. "Wote waliokuja kabla yake walitabasamu. Mmoja aliniambia inanukia."

Nilipoutoa, mkono ulikuwa wa kijani kama wa maiti. Kisha hewa ikaugusa, na mbele ya macho yetu ukaanza kubadilika, kwanza kwenye vifundo vya vidole, halafu kiganja, mpaka wote ukawa wa buluu kama wa babu yangu kwenye ile picha moja tuliyo nayo.

Nilimwendea Mubin pale ukutani. Nikauvua ule mtandio wa nyota za pembe saba, nikamwekea begani.

"Bado unanichukia?" aliuliza.

"Nakuona kinyaa. Ni tofauti. Kinyaa nimekaa nacho kutwa, naanza kukizoea."

"Nifanye nini?"

"Mwandikie yule mama wa miwani ukweli. Halafu chukua mizigo yote iliyobaki ya skrini uirudishe kwa mwenyewe. Mwenyewe unamjua sasa. Nenda nayo siku unayoleta posa."

"Mbele ya baba yako? Posa na mizigo pamoja?"

"Ukija na posa tupu nitakupa chai, nitasifu nywele zako, nitakusindikiza hadi kwenye gari."

Alitaka kucheka na hakuthubutu. Aliutazama mkono wangu, akaunyooshea wake, akasita. Nikamruhusu ncha za vidole tu. Vilikuwa na utelezi. Sikuviondoa.

Hanifabai alitoka na mtandio mwingine, umetoka kwenye nili majuzi, bado una unyevu kwenye pindo. Alinifunika nao kichwani kwa mikono yake miwili. "Huu utanuka mwezi mzima," alisema. "Usiufiche."

Njia nzima Shangazi Zarina alikaa na kichwa nje ya dirisha. Dereva alisimama mara mbili kuangalia kama amekanyaga kitu. Tulipofika daraja la mji wetu mto ulikuwa wa zambarau, na nikageuza uso.

Baba alikuwa mezani anakula khichdi, ule mseto wa mchele na choroko, kwa achari. Nilikuwa nimeuficha mkono ndani ya mtandio.

"Mlifika kwa walii?" aliuliza.

"Tulifika mbali sana, kaka," alisema Shangazi, akaketi kiti cha mwisho kabisa.

Baba alipeleka tonge mdomoni, na tonge likasimama njiani. Mtu ambaye maisha yangu yote ameapa kwamba kiwanda chake hakina harufu, aliinua pua. Akanusa kushoto. Akanusa kulia. Kinyaa kilianza kumpanda usoni kama nilivyokitarajia, kikafika kwenye macho, na hapo kikapotea njia. Aliliweka tonge chini polepole.

"Nani," aliuliza, "kaleta harufu ya baba yangu humu ndani?"

Niliutoa mkono, nikauweka mezani kando ya sahani ya achari, wa buluu hadi kiwikoni.

"Mkweo, Baba," nilisema. "Anakuja mwenyewe, na ana mizigo yako."